Kikopo cha Kiama

Kuanzia Mwihoko mpaka Theta, ukimwambia mtu kwamba Kiama hana watoto, atakucheka. Kwa hesabu yake mwenyewe Kiama alikuwa ameleta duniani ndama elfu nne na ushee, na yeye alimjua mama wa kila mmoja, nyanya yake, na kiasi cha maziwa ukoo huo ulichotoa tangu enzi za walowezi. Alikuwa mtu wa A.I., yule anayefika na pikipiki wakati ng'ombe wako anataka dume na wewe huna dume. Anatoa mrija mwembamba wa mbegu kwenye mtungi wake wa naitrojeni, anavaa glavu mpaka kwapani, na dakika tano baadaye ng'ombe wako ameolewa na dume wa Kanada ambaye hatamwona maisha yake yote.

Wakubwa walimwita Daktari. Watoto wa shule walimwita Baba Ndama, lakini walihakikisha kwanza wako mbali.

Tatizo lilikuwa nyumbani. Kiama na mkewe Tabby walikuwa na miaka saba ya ndoa na nyumba ya mawe hapo Ruiru. Ndani mlikuwa na kila kitu: makochi yenye vitambaa vya kufuma, redio ya kaseti, picha ya harusi iliyokuzwa mpaka Kiama akaonekana kama ana shingo mbili. Kilichokosekana ni mtu wa kuivunja hiyo redio.

Tabby alikuwa fundi wa nguo sokoni Ruiru, mshonaji wa sare za shule. Watoto wa watu aliwajua kwa vipimo vya kiuno. Mwenzake akisema, "Huyu wangu amekuwa mkubwa," Tabby alijua ni kwa inchi ngapi. Jioni alirudi nyumbani akapika chakula cha watu wawili, kilekile cha miaka saba, na sufuria ileile.

Halafu kulikuwa na mama mkwe, Wamboi. Kwa Wakikuyu binti wa kwanza wa mwanao hupewa jina lako, na watu husema umezaliwa tena. Wamboi alikuwa na wana wawili. Wa kwanza, aliyehamia Nakuru, alizaa wavulana wanne mfululizo kama anayesajili timu. Amebaki Kiama. Wamboi alikuwa na miaka sitini na mitatu na bado hajazaliwa, na jambo hilo lilimuuma kuliko magoti.

Jumapili moja, mwanzoni mwa mwaka tisini na nane, mvua ya El Nino ikiwa imechoka kunyesha lakini haitaki kuacha, Wamboi alikuja baada ya kanisa. Akanywa chai, akaweka kikombe chini.

"Baba yangu," alimwambia Kiama. Alimwita hivyo kwa sababu alikuwa amempa jina la babake mzazi. "Kuna msichana wa Ngina kule Gatundu. Amemaliza kidato cha nne, ana afya, na kwao wanazaa kama sungura. Pasaka nitakuja naye mjuane."

Alisema hayo Tabby akiwa palepale, ameshika birika. Tabby alimwongezea chai mpaka ikamwagika kwenye kisahani, akaenda jikoni.

Wamboi alipoondoka, Tabby alirudi akakaa.

"Daktari wa Thika amesema nije na wewe."

"Mimi? Niende nikafanye nini?"

"Upimwe."

"Tabby, mimi niko sawa. Niangalie."

"Nimekuangalia miaka saba. Mimi nimetolewa damu, nimetiwa dawa kwa mirija ya uzazi, nimepigwa picha tumboni. Kitu changu pekee ambacho hawajaangalia ni kadi ya kura. Wote wanasema niko sawa."

"Basi tungoje tu. Mungu ana wakati wake."

"Na Ngina ana msichana wake." Tabby aliegemea mbele. "Wewe huwaambia nini watu wa Theta ng'ombe akikataa kushika mimba mara tatu?"

Kiama aliwaambia watu hao kila wiki, tena kwa sauti ya mwalimu: usimpige, usimuuze, angalia mbegu kwanza.

"Sasa mimi nimekataa mara ngapi?"

"Lakini wewe si ng'ombe."

"Asante kwa kugundua. Sikiza, Kiama. Pasaka mama yako akileta huyo msichana na wewe hujapimwa, atanikosa hapa. Nitakuwa Juja kwa mama yangu. Na cherehani nitaenda nayo."

Hapo ndipo Kiama aliposhtuka. Mwanamke akitishia kuondoka na nguo, hiyo ni hasira. Cherehani ya chuma, ya kukanyaga, inayobebwa na wanaume wawili, huo ni mpango.

Kliniki ya Daktari Ruqayya ilikuwa Thika mjini, ghorofa ya kwanza, juu ya duka la viatu. Daktari mwenyewe alikuwa mwanamke mfupi, mzaliwa wa Majengo, mwenye miwani mikubwa na mtandio wa samawati. Aliongea polepole kama mtu anayepanga mayai.

"Bwana Kiama, kwa mwanamume kipimo ni rahisi. Hakuna sindano, hakuna kisu. Tunataka mbegu tu, tuziangalie kwa darubini. Ni ngapi, na kama zinatembea."

"Daktari, hiyo kazi naijua. Mimi mwenyewe nina darubini nyumbani."

"Vizuri sana. Umewahi kujiangalia?"

Tabby alikohoa kikohozi ambacho hakikuwa ugonjwa.

Nesi wa hapo aliitwa Nekoye, mwanamke mkubwa wa Bungoma aliyesema kila kitu kwa sauti ya kuita ng'ombe kutoka mtoni. Alimpa Kiama kikopo cha plastiki chenye kifuniko, akamwonyesha mlango mwembamba mwisho wa ukumbi. Mlango huo ulitazamana na benchi la wagonjwa, na benchi lilikuwa limejaa. Kiama alikificha kikopo ndani ya helmeti, akapita ameinamisha kichwa. Angefaulu, kama si Mbula.

Mbula alikuwa na ng'ombe wawili kule Theta na alikuwa amemsindikiza binti yake.

"Haiya! Daktari! Hata wewe uko hapa? Umekuja kutibu nani?"

"Kuna kitu naangalia tu," Kiama alisema, akaingia, akafunga kwa komeo.

Ndani mlikuwa na sinki, ndoo, na kalenda ya mwaka uliopita. Kiama alifumba macho. Akamkumbuka Tabby wa zamani, wa kwaya ya vijana, rinda la manjano, akiimba sauti ya pili. Mambo yakaanza kwenda vizuri.

"Daktari!" Sauti ya Mbula ilipenya mlangoni. "Ile ng'ombe yangu ndogo inapanda wenzake tangu asubuhi!"

Rinda la manjano likaanza kufifia.

"Na inatoa ute, mrefu hivi, kama ute wa yai! Utakuja saa ngapi?"

Katika maisha ya mwanamume kuna mambo yasiyowezekana wakati anaelezwa ute wa ng'ombe. Lakini kazi ni kazi, na mdomo ukajibu wenyewe.

"Saa kumi!"

"Utanipatia dume gani? Usiniletee yule wa mwaka jana, alinizalia ndume tupu!"

"Mbula, tutaongea!"

"Si tunaongea!"

Dakika ishirini baadaye Kiama alitoka. Nesi Nekoye akakipokea kikopo, akakiinua kwenye mwanga wa dirisha.

"Hata tone?"

Benchi zima liligeuka.

"Basi fanyia nyumbani," Nekoye alisema, na bado hakushusha sauti. "Lakini sikiza vizuri. Ukishamaliza tu, uje mbio, saa moja isipite. Na ukiibeba, iweke karibu na mwili, hapa kwapani, isije ikapata ba—"

"Sista," Kiama alimkata. Heshima yote iliyompotea kwenye ule ukumbi aliiokota hapo kwa mpigo. "Kazi yangu ndiyo unanifundisha? Hivi vitu nimebeba miaka kumi na tano. Hata siku moja havijanifia mkononi."

Nekoye aliinua mabega. Wanaume wanaojua kila kitu aliwazoea. Mmoja alikuwa kwake nyumbani.

Alhamisi asubuhi, Tabby akiwa sokoni, nyumba imetulia, Kiama alifaulu. Alikitazama kikopo kwa fahari kidogo. Kisha akafanya kile ambacho mikono yake ilikuwa imefanya kila siku ya kazi kwa miaka kumi na tano. Akafungua mtungi wa naitrojeni, moshi mweupe wa baridi ukamwagika ukingoni, akakishusha kikopo polepole kwa koleo refu mpaka kikazama. Kilipita shingoni mwa mtungi kana kwamba kilipimwa na fundi. Alikuwa amekifunga uzi mwekundu ili kisichanganyike na mirija ya wale wa Kanada, Mbula asije akapata ndama anayejua kuendesha pikipiki.

Na kwa kuwa sasa hakukuwa na haraka, mbegu ya mtungini hukaa hata miaka ishirini, alipita njia ya Juja akahudumia ng'ombe wawili.

Alipofika chini ya ngazi za kliniki alimimina maji ya vuguvugu kutoka kwenye thermosi, akayapima kwa kipimajoto, nyuzi thelathini na saba kamili, akakiyeyushia humo kikopo huku akihesabu sekunde. Kazi safi. Akapanda, akamkabidhi Nekoye kitu chenye joto la mwili wa binadamu.

"Umefika kwa wakati?" Nekoye aliuliza.

"Nimeibeba kitaalamu," alisema Kiama.

Majibu yalitoka siku ileile. Tabby alikuwa ameitwa, wakakaa wote wawili mbele ya meza. Daktari Ruqayya alivua miwani, na Kiama, ambaye amewapa wakulima wengi habari mbaya, akaijua ile ishara.

"Bwana Kiama, zipo. Lakini hakuna hata moja inayotikisika. Zote zimekufa. Kwa kawaida tunarudia kipimo baada ya wiki kadhaa, kwa sababu—"

Kiama hakusikia "kwa kawaida". Alisikia "zimekufa", na neno hilo likamjaa masikioni kama maji.

Tabby ndiye aliyeuliza. "Na tukirudia iwe hivyohivyo?"

Daktari alipanga mayai yake kwa muda. "Kuna njia ya mbegu ya mwanamume mwingine. Kuna daktari Nairobi anafanya. Mimi sifanyi. Dini yangu hainiruhusu, na hata ingeniruhusu, moyo wangu una maswali. Mtoto ana haki ya kujua ametoka kwa nani. Lakini kukuficheni kwamba njia ipo, hiyo nayo ingekuwa dhambi nyingine."

"Na mtoto ambaye hajazaliwa kabisa," Tabby alisema, "huyo ana haki gani?"

"Hilo swali, bibi yangu, ninalo miaka kumi." Daktari alitabasamu kidogo. "Njia ya pili iko Ulaya. Wanatunga mimba nje, kwa kisahani. Wanatunga kama saba, wanapandikiza mbili au tatu."

Hapo Kiama alizinduka. Hesabu za namna hiyo alizielewa. "Na zile zingine?"

"Zinagandishwa. Zingine hupewa wataalamu wazichunguze."

"Wazichunguze wapate nini?" Tabby aliuliza.

"Elimu. Labda siku moja dawa za magonjwa. Wengine wanasema ni mauaji, wengine wanasema ni punje tu, ndogo kuliko mchanga."

"Hata mbegu ya mahindi ni punje," Kiama alisema, "lakini jaribu kuitupa mbele ya mama yangu."

Daktari alicheka. Tabby hakucheka. Alikuwa anatazama dirishani.

"Mimi nimetafuta mmoja miaka saba," alisema, "na kuna mahali wako wanne kwa friji na hakuna mtu anawaita."

Waliaga, wakateremka ngazi, wakapita duka la viatu, na Kiama akaona kwa mara ya kwanza kwamba nusu ya duka hilo ilikuwa viatu vya watoto.

Siku tatu Kiama alirudi nyumbani usiku. Ya nne akatoa katalogi yake ya madume, kitabu chenye picha za rangi na maelezo ya kila dume: urefu, miguu, tabia, maziwa ya mamake. Akachukua daftari. Tabby alipotoka jikoni alimkuta anaandika.

"Hiyo ni nini?"

"Mambo ya Nairobi. Siwezi kuacha mtu nisiyemjua anichagulie. Nimeandika watu wa hapa, halafu tutaona." Alisafisha koo. "Boaz wa kwaya. Urefu mzuri, sauti nzuri, meno yote. Lakini miguu."

"Miguu imefanya nini?"

"Imepinda. Na miguu inarithiwa. Halafu Wainaina msaga unga, yule wa posho mill. Mwili mkubwa, hagonjeki. Tabia: mkali, anapiga teke."

"Kiama."

"Kuna mwalimu mmoja wa Theta, hesabu nzuri sana, lakini mama yake hatujui alikuwa—"

"Kiama!" Tabby alilichukua daftari, akalisoma ukurasa mzima, na midomo yake ikatetemeka, haikujulikana kwa kicheko au kwa kilio. "Umepanga Ruiru yote. Nani ameniuliza mimi?"

"Nilikuwa nikuonyeshe nikimaliza."

"Ukimaliza! Mimi nishikwe pembe, au nitasimama tu mwenyewe? Hii kazi imekuharibu. Miaka kumi na tano unaingiza mkono na hujawahi kuuliza yule anayeingizwa."

Kiama alifungua mdomo amweleze kwamba ng'ombe hawezi kuulizwa. Kwa bahati nzuri akili ilimfikia kabla ya sauti, akaufunga.

"Unataka nini?" aliuliza, akiweka kalamu chini.

"Nataka mtoto. Nilitaka awe na hayo masikio yako makubwa, Mungu anisamehe. Kama haiwezekani nitalia, halafu nitafikiria. Lakini nitafikiria na kichwa changu. Na mama yako umwambie wewe. Kabla ya Pasaka. Sitaki aendelee kuniangalia mimi."

Kati ya kumwambia Wamboi na kulala mbele ya treni ya Nanyuki, Kiama alipima yote mawili. Lakini cherehani ilikuwa pale pembeni, imefunikwa kitambaa, na kila alipoitazama aliona wanaume wawili wakiibeba.

Wamboi alikuja Jumamosi, kesho yake ikiwa Jumapili ya Matawi. Alikuja amechangamka. Ngina alikuwa amekwisha kumnunulia yule msichana viatu. Kiama alimngoja ashike kikombe, akasema yote bila kupumua: kwamba Tabby ni mzima, kwamba wamempima yeye, kwamba mbegu zake zimekufa, zote, na kwamba msichana wa Ngina hata akija na viatu jozi kumi itakuwa vilevile.

Wamboi akamtazama Tabby, kisha akatazama chini, na hiyo peke yake kwa Wamboi ilikuwa kama kupiga magoti.

"Na hakuna dawa?"

Tabby akamweleza habari za Nairobi na mbegu ya mtu mwingine. Alieleza taratibu, akingoja mama mkwe apige mayowe. Wamboi alisikiliza mpaka mwisho.

"Hiyo ndiyo inawafanya mkae hapa kama watu wa matanga?" alisema. "Baba yangu, jina lako ulitoa wapi?"

"Kwa baba yako, Maitu," Kiama alimjibu mamake.

"Na baba yangu Kiama alizaliwa na nani? Wewe unafikiri ni mzee Gathee. Gathee alikufa kwenye ile njaa kubwa, kabla reli haijafika Thika. Hakuacha mtoto. Nyanya yangu, mjane wake, alikuwa na mbuzi, akaenda akaoa msichana, amwoe kwa jina la mume wake aliyekufa. Huyo msichana akazaa. Na nani, hakuna mtu aliuliza. Baba yangu alizaliwa Gathee akiwa na miaka minne chini ya udongo, na akaitwa mwana wa Gathee, akapewa shamba la Gathee. Mzungu amegundua nini hapo? Ni friji tu ameongeza."

Miaka thelathini na minane Kiama amelibeba jina hilo bila kujua limetoka wapi.

"Huyo daktari wa Kiislamu anasema mtoto ana haki ya kujua," Tabby alisema.

"Si aambiwe! Mimi niliambiwa nikiwa na miaka kumi. Sikuvunjika mguu." Wamboi akamgeukia mwanawe kwa jicho jingine, jicho la mkulima. "Lakini zote? Zote kabisa zimekufa? Nyumbani kwetu hakuna mwanamume aliyekosa. Labda uliharibu njiani. Ulibeba na nini?"

"Maitu, mimi si mtoto. Nilibeba kwa mtungi."

"Mtungi gani?" Tabby aliuliza.

"Wa kazi. Wa naitrojeni."

"Ule wa baridi?"

"Baridi haina shida!" Kiama alipandisha sauti ya mwalimu, ile ya Theta. "Watu huwa hawaelewi. Mbegu ya dume inakaa humo miaka ishirini na haifi. Haifi kwa sababu kabla ya kugandisha, kule kiwandani wanaichanganya kwanza na kiini cha yai, na gliserini, ili barafu isiikate…"

Sauti ikaisha kama redio iliyokwisha betri.

Nje jogoo wa jirani aliwika. Tabby alikuwa ameweka mkono mdomoni.

"Na yako," Wamboi aliuliza kwa upole mkubwa, "ulichanganya na yai?"

Kiama alikuwa anamsikia nesi Nekoye. *Iweke kwapani, isije ikapata ba.* Baridi, alikuwa anasema. Baridi.

"Yaani umeua wajukuu wangu wote," Wamboi alisema, "kwa ujuzi." Akaanza kucheka, na Tabby akafuata, wakashikana mabega, mama mkwe na mke, jambo ambalo nyumba hiyo haikuwa imeona kwa miaka saba. Walicheka mpaka Wamboi akalia machozi ya kweli. Alipojifuta, akasimama. "Naenda kwa Ngina. Nitamwambia viatu avae yeye."

Daktari Ruqayya alipoelezwa, aliomba radhi, akaenda nyuma ya pazia, na pazia likatikisika kwa dakika nzima. Nekoye hakuenda popote. Alicheka palepale, na benchi likapata habari.

Kipimo cha pili Kiama alikileta kwapani, mkono umebana hivi, akaendesha pikipiki kwa mkono mmoja mpaka mlangoni na dereva wa lori akamtukana njia nzima.

"Zipo," daktari alisema. "Na ni hai. Si nyingi, na zinatembea kama karani aliyetumwa wakati wa chai, lakini zinatembea. Hizi ninaweza kuzisaidia. Tunazisafisha, tunachagua zenye nguvu, na siku ikifika tunaziweka ndani kabisa ya mfuko wa uzazi. Ni mbegu ya mume kwa mkewe. Hapo dini yangu na moyo wangu havigombani."

"Mnaweka na nini?" Kiama aliuliza, ingawa alikuwa anajua.

"Na mrija mwembamba."

Kiama alivuta pumzi. Kwa miaka kumi na tano alikuwa akimuuliza mwenye ng'ombe: tuendelee? Akamgeukia mkewe.

"Tabby. Wewe unataka?"

Tabby hakujibu mara moja. Alionekana anaipenda hiyo nafasi ya kutojibu mara moja.

"Nataka. Mara tatu. Zikikataa tutaongea tena, hata ile ya Nairobi, na tutaongea wawili."

"Mara tatu," Kiama alikubali.

"Na mimi nitawaambia ukweli kila mara," alisema daktari. "Inaweza kukataa zote. Sitaki mtu aje kunilaumu kwamba niliahidi."

Siku ilipofika, wiki mbili baada ya Pasaka, ilichukua dakika tano kama ilivyo kazi yoyote nzuri. Daktari Ruqayya alimwambia Tabby alale vivyo hivyo nusu saa, akatoka, akavuta mlango.

Kiama aliokota helmeti yake.

"Unaenda wapi?" Tabby aliuliza kutoka kitandani.

"Si amemaliza."

"Kwa ng'ombe, ukimaliza, huwa unafanya nini?"

"Navua glavu. Najaza kadi. Naenda."

"Basi leo kaa."

Kiama alitafuta kiti. Kilichokuwapo ni stuli ya daktari yenye magurudumu. Alipoikalia ikamkimbia mpaka ukutani, akairudisha kwa visigino, kidogo kidogo, mpaka akafika kichwani mwa kitanda.

"Nikae nikisema nini?"

"Chochote. Isiwe ya ng'ombe."

Kiama alifikiri. Nje Nekoye alikuwa anaita mgonjwa mwingine kwa sauti ya kuvuka mto. Dakika nne nzima zilipita kabla hajapata neno la kwanza, na Tabby, aliyekuwa amelala anatazama dari, hakumharakisha.